Njia Mbili za Kuufikia Ufamasia

Jumapili, 14 Januari 1979
Baada ya misa nimeketi chumbani kwangu hapa Bisibo na kuamua. Njia ni mbili. Ya kwanza: kidato cha nne kwa posta, kisha cha sita, kisha chuo kikuu. Mfamasia kamili! Ya pili: kozi fupi ya msaidizi wa famasi, ambayo haiombwi pasipo pendekezo la mkutano wa kijiji. Nimechagua ya kwanza. Haimhitaji mtu. Mhudumu wa zahanati aliyejifundisha mwenyewe mpaka hapa atashindwaje kujifundisha mpaka kule?

Kutoka nyumbani Kirushya hakuna barua.

Jumamosi, 3 Februari
Kemia haikamiliki kwa posta. Mtihani wake unadai maabara. Padri gambera, mkuu wa seminari, amelikubali ombi langu la kurasa nne: nitumie maabara yao kila Jumamosi. Alitabasamu, akasema mistari miwili ingetosha. Sikuafikiana naye, ila nilimshukuru kwa heshima.

Tatizo — Jumamosi ndiyo siku ya shamba la kijiji. Njiani nilipishana nao, majembe mabegani. Nikamwamkia Mama Minani, jirani yangu, ambaye mwanawe yuko vitani Uganda na mgambo. Akaitikia marahaba, kisha akapaza sauti: "Daktari wa karatasi! Jembe lako linaumwa nini leo?" Wakacheka wote. Nilivua kofia, nikapita.

Jumamosi, 10 Machi
Maabara imefungwa. Spiriti ya taa za kuchemshia imekwisha, na malori yote yanaelekea vitani. Gambera hajui italetwa lini. Nikarudi kwa miguu.

Chumbani nilijiuliza maswali ya kemia kwa sauti, nikayajibu kwa sauti. Hakuna aliyenisahihisha.

Alhamisi, 22 Machi
Basi, njia ya pili. Nimekwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Protasi. Akaniuliza kama nimekwisha kupika pombe ya ndizi na kuwaita majirani. Nikamjibu kwamba ombi rasmi halipelekwi kwa kibuyu.

"Sawa, Xavery," akasema. "Lakini watu watakuja nyuma yako kwa miguu, si kwa karatasi."

Ndivyo wanavyoamua hapa. Mwombaji anageukia ukuta wa ofisi; wanaomkubali wanapanga mstari nyuma yake, mwenyekiti anahesabu. Mwombaji haruhusiwi kutazama.

Ni nani niliyewahi kunywa naye? Nimefikiri tangu nitoke kwake. Sikupata hata jina moja.

Jumatano, 11 Aprili
Naandika nikiwa nimesimama, daftari nimeliegemeza kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji.

Mkutano ulianza saa nne. Nililisoma ombi langu lote, kuanzia "Ndugu Mwenyekiti, kwa unyenyekevu mkubwa". Ukurasa wa pili, mzee mmoja akasinzia. Nilipomaliza, nikakunja karatasi zangu. Ndipo Mama Minani akasimama, akawaeleza kwa Kisubi: huyu anataka kusomea dawa, arudi atupimie vizuri. Maneno hayo tu! Kisha akaongeza kwa Kiswahili: "Na jembe lake nimeliona. Bado jipya kabisa!" Kicheko.

Mwenyekiti akaniamuru nigeuke. Nikageuka. Nikasikia miguu ikisogea — mingi au michache, sikuweza kujua. Mara redio ya katibu, nyumba ya pili, ikapandishwa sauti. Mtu akapiga kelele: habari za vita! Miguu ikakimbia. Mwenyekiti naye akakimbia. Hakuna aliyehesabu.

Nilingoja. Halafu nikakiuka utaratibu: nikatazama nyuma.

Mama Minani alikuwa amesimama pale, peke yake, kanga ameikaza kiunoni.

Nikamwambia: "Mama, nenda ukasikilize. Huenda ni habari za akina Minani."

"Wataniambia," akasema. "Wewe geukia ukuta. Mstari haujahesabiwa."

Nimegeuka. Kwa katibu wanapiga kelele. Siwezi kutambua kama ni furaha au ni msiba. Mwenyekiti hajarudi. Nimetafuta neno linalostahili la kumwambia mama huyu, na katika maneno yangu yote silioni. Anapumua haraka haraka nyuma yangu. Miguu yake haisogei.