Mkono Uliosimama Kwenye Skrini

Rosettenville, Johannesburg
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri na mguu umepungua kuvimba. Ile dawa ya kuchua aliyokuletea mama mdogo unaitumia kweli, au bado umeificha kabatini kwa sababu ya harufu? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, na nimekaa na kalamu tangu alfajiri nikitafuta pa kuanzia.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi wakati simu ipo. Mama, ujumbe wa sauti nikikutumia unaufungulia sebuleni, sauti juu, na kaka yupo, na shemeji yupo, na wageni wa kaka wapo. Jambo hili si la kusikilizwa na wanaume. Ndiyo maana nimemwomba Rukia, jirani yangu hapa anayerudi Tanga wiki hii, akupe bahasha mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Nimevunja ahadi niliyoiapia. Nina ombi uende kwenye nyumba fulani hapo mtaani ukaniombee radhi. Nyumba yenyewe nitaitaja mwisho, kwa sababu nikiitaja sasa utaikunja barua na kuisukuma chini ya godoro.

Unajua kazi yangu kwa jina tu, ngoja nikueleze. Duka letu linahamisha kanda za video za zamani, zile za deki, na kuziingiza kwenye kompyuta. Mwenye duka ni Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutafutia wa kusomea. Mimi ni karani. Napokea kanda, naandika jina la mwenyewe, nabandika namba, naandika ripoti, na siku hizi naendesha deki pia. Mwezi huu yeye ndiye wa kuniandikia barua ya kazi niipeleke uhamiaji, kwa hiyo napita mbele yake kama nimebeba trei ya mayai.

Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja wa Tanga anayekaa Bertrams, anauza vitenge na maandazi. Wote wanamwita Mama Shani. Huyo Shani, binti yake, amezaliwa hapa na anaolewa mwezi ujao. Kiswahili anakisikia, ila ukimsemesha anajibu kwa Kizulu. Mama yake alitoa kwenye pochi kanda iliyofungwa ndani ya leso, kanda ya siku alipochezwa yeye mwenyewe kabla ya harusi yake, ngoma ya ndani, wanawake peke yao. Anataka binti aione kabla ya kuolewa, maana kila akimweleza kwa maneno binti anacheka.

Aliniuliza, “Hapa nani anaangalia?”

Nikamwambia, “Mimi.”

“Wewe peke yako? Mwanangu, humu wanawake wamevua baibui. Wengine wamevua na aibu. Jicho la mwanamume lisifike.”

Nikasema, wallahi halitafika. Nililisema haraka, Mama, kama mtu anayejibu salamu.

Kanda ilikuwa mbovu kuliko zote tulizowahi kupokea. Ilikaa kwenye unyevu, tena ni nakala ya nakala. Picha ya video, kwa nilivyojifunza, imepangwa kwa mistari mingi kama ukili wa mkeka, na kila mstari una wakati wake wa kufika. Kanda ikizeeka inavutika, mistari mingine inawahi na mingine inachelewa, basi picha inapinda hasa upande wa juu, inapepea kama pazia. Kuna kifaa kinachoupokea kila mstari, kinaushikilia kidogo, kisha kinauachia kwa wakati wake. Sisi dukani tunakiita tibisii. Deki yetu kubwa ina tibisii ndani yake. Papa Ilunga akaazima nyingine kwa fundi wa mjini, kisanduku cheusi kinachokaa nje, kati ya deki na kompyuta, tukijaribu kwa wiki moja. Ijumaa kilitakiwa kurudi. Alitaka kujua ipi ni bora, na alitaka aone kwa macho yake.

Jumatano akaniambia, “Riziki, leta ile kaseti mubaya kupita zote. Kaseti muzuri itapita kila mashini, haitatufundisha kintu.” Ndivyo wanavyosema kwao, kitu ni kintu na watu ni batu.

Nilimletea kanda ya sherehe ya shule. Akaitazama nusu dakika akaitoa. Nikaleta ya harusi ya Wareno. Akaitoa. Akafungua daftari langu mwenyewe, akasoma mwandiko wangu mwenyewe, “hali: mbaya sana”, akaweka kidole.

“Na hii?”

“Hiyo ni ya wanawake, Papa.”

“Ya wanawake ni nini? Arusi ni arusi.”

“Ni ya ndani. Wanaume hawaingii.”

“Mimi siingie. Mimi nitabakia hapa pa kiti.” Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. “Riziki, mimi niko naangalia laini, siko naangalia batu. Miaka yote hii unafikiri niko naangalia bibi arusi wa batu?”

Nilikwenda nyuma nikasimama karibu na sinki. Nilitaka kumwambia nimeapa, lakini nikaiona ile barua ya uhamiaji ambayo haijaandikwa. Ndipo nikakumbuka kwamba kupinda kuko juu. Katika kanda ile, juu ya picha kuna dari tu, na ukingo wa pazia, na fremu ya mlango. Nikachukua karatasi ya kaki ya kufungia vifurushi, nikaibandika kwenye skrini kwa selotepu, nikaacha wazi ukanda wa vidole vinne juu. Nikafunga na sauti, kwa sababu nyimbo zile nazo ni za ndani.

Papa Ilunga alikuwa ametoka kuchukua kisanduku, na aliporudi aliiangalia ile televisheni iliyofunikwa. “Eish. Nani amekufa?”

“Hajafa mtu, Papa. Laini ziko hapo juu. Ukingo wa pazia ndio kipimo.”

Alikaa. Nilidhani atang'oa karatasi, lakini alibadilisha miwani na kuinama. Tukaanza na tibisii ya ndani ya deki. Ukingo wa pazia ulinyooka kama umepigwa rula, ila kila pale kanda ilipochakaa picha iliruka, na kompyuta ikapoteza vipande. Tukarudisha nyuma, tukajaribu kisanduku peke yake. Pazia likabaki limepinda kidogo, lakini kompyuta haikupoteza hata kipande kimoja. Alikuwa anaandika, anafurahi, akasema, “Tangu zamani sura za batu zilikuwa zinanipoteza. Hii karatasi yako ni muzuri.” Nikaanza kupumua.

Halafu mwanamke mmoja kwenye ile ngoma akainua mkono.

Uliingia kwenye ule ukanda wa wazi, mkono mtupu hadi juu ya kiwiko, bangili tatu na hina. Ungepita kwa sekunde moja. Lakini hapo hapo kanda ikakatika ishara, picha ikaacha kuja, na kisanduku kile, Mama, ndiyo tabia yake: ishara ikipotea, kinaishikilia picha ya mwisho iliyokuwa nzima mpaka nyingine ije. Mkono ukasimama. Ukasimama tu, angani, juu ya karatasi ya kaki. Nilitafuta kitufe cha kuzima nikabonyeza kisicho chake. Nikasimama mbele ya skrini nikatandaza mtandio. Papa Ilunga aliendelea kuandika.

“Umeona,” akasema, “deki iliruka, hii inashika. Lakini inadanganya kidogo. Inakuonyesha kintu kimeshapita.”

“Papa, umeuona mkono?”

“Nimeona mukono. Mukono tu, Riziki.”

Tulijaribu mara ya mwisho zote mbili kwa pamoja, deki ikinyoosha na kisanduku kikishikilia, na hapo picha ikatoka imetulia na imenyooka. Hilo ndilo jibu la kazi, na nakala ya Mama Shani tuliichukua kwa njia hiyo. Baada ya hapo Papa alikataza kanda isichezwe tena, imechakaa mno.

Alhamisi akanipa kazi ya kuandaa bango la kutundika ukutani, karibu na meza ninapopokea wateja, kuonyesha tofauti za mashine. Picha ya kisanduku aliyoichagua ni ule mkono, ukanda wa juu tu, niukate kwenye yale kompyuta iliyorekodi, kwa sababu pale ndipo kinapoonekana kinashika, na hatuwezi kuupiga upya. Nilikaa mbele ya kompyuta saa nzima. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta na sikuthubutu kubonyeza, wala sikuthubutu kuchapisha. Mwishowe nikaenda mlangoni kwake.

“Papa, siwezi kuitundika. Nilimwapia mwenye kanda.”

Alivua miwani. “Uliapa? Kwa Mungu?”

“Ndiyo.”

“Na jana ukaniacha nikae pale?”

Nilisubiri aniambie nichukue mkoba wangu. Akavaa miwani tena, akasema, “Usiniombe mimi samahani. Mwambie mwenye mukono. Akisema tutundike, tutatundika. Akikataa, utafuta mbele yangu. Na barua yako ya uhamiaji iko pale kwa droo, nilisaini juzi.”

Kumbe ilikuwa imesainiwa tangu Jumanne, Mama. Hofu yangu yote ya Jumatano ilikuwa bure.

Jana Mama Shani alikuja kuchukua kanda. Nilimpeleka nyuma, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, karatasi, kisanduku, mkono. Alitaka kuuona. Nikamwonyesha. Alisogeza uso karibu na skrini, akautazama, akauma mdomo.

“Mimi ningekusamehe sasa hivi,” akasema. “Umefunika kwa ulichokuwa nacho. Lakini huu si mkono wangu. Mimi nilikuwa chini ya kanga siku nzima. Huu ni mkono wa Bi Kibibi wa Ngamiani, kungwi aliyenicheza. Bangili zile nazijua, alikuwa akinigonga nazo nikisinzia. Yu hai. Muulizeni yeye.”

Sasa umejua nyumba. Najua hamsemeshani tangu ule ugomvi wa ukuta wa mpaka, na najua ulisema hutapita tena mlangoni kwake labda apite yeye kwanza. Sikuombi umalize la ukuta. Nakuomba upeleke la kwangu. Mwambie mwanao aliapa, akaogopa mwajiri wake kuliko kiapo chake, na mwanamume mmoja mzee ameuona mkono wake kwa muda ambao hata mimi siwezi kuuhesabu. Muulize tuifute picha au tuitundike dukani. Akisema tufute, nitafuta siku hiyo hiyo. Kwa upande wangu nafunga siku tatu kwa ajili ya kiapo, leo ni ya pili, kwa hiyo usishtuke Rukia akikuambia nimepungua.

Nisalimie kaka, umwambie tu kwamba kazi inaendelea. Wifi umbusie mtoto. Mama mdogo umpe pole ya safari ya hospitali. Bibi mpe salamu zake kwa sauti, sikio la kushoto. Na mwalimu wangu wa chuoni ukikutana naye sokoni, mwambie bado naandika daftari kwa mistari iliyonyooka.

Jambo moja zaidi la kumwambia Bi Kibibi, kama atakukaribisha ukae. Kanda nzima inatetemeka, watu wote wamekuwa ukungu, hata bibi harusi hajulikani. Mkono wake peke yake ndio uliotulia. Hina inaonekana jani kwa jani.

Mwanao anayekungoja jibu,

Riziki