Mchoro Ulioishusha Antena Yangu

Huruma, Nairobi

Mama mpendwa,

Pokea salamu za mwanao aliye mzima wa mwili; moyo ndio unaoumwa. Goti lako laendeleaje na baridi hii? Na Baba, bado anaketi mwenyewe au sasa mnamwegemeza kwa mto?

Najua mnajiuliza. Majuma matatu Baba anakaa mbele ya redio yake ya mawasiliano, ananiita na hapati jibu langu. Simu haishiki mtandao pale nyumbani, na haya si mambo ya kukwambia ukiwa umesimama sokoni. Umsomee barua hii yote. Tangu kiharusi kimnyang'anye ulimi, hakuna amwelewaye ila mimi, kwa kile kidole anachogongea alama za Morse kama enzi zake za posta. Ninyi mnasikia milio tu. Mimi namsikia Baba.

Mama Rehema nimewahi kukusimulia, yule Mswahili wa Mombasa wa orofa ya tano, anayeuza mahamri hapa chini. Nilipougua malaria ndiye aliyenipikia uji. Mvua zilipoanza aliharibikiwa na mimba, ya pili sasa. Watu wakatafuta pa kuuweka msiba ule, wakainua macho, wakaziona juu ya paa nyaya za antena yangu, ile ninayoongelea na Baba.

“Fundi,” keateka, mtunza jengo letu hili la kupanga, akaniambia, “watu wa ploti wanasema hiyo kitu yako inachoma watoto tumboni. Jipange.”

Baba alinifundisha nisibishane na mtu, nimpimie. Basi nikamwendea rafiki yangu Otieno, anayepima viwanja kule Njiru kwa droni, kile kidege kidogo kisicho na rubani. Ana kibali, na ana subira kuliko mimi. Tukafunga chini ya kidege kitoa-mawimbi kidogo, kinachoning'inia kwa uzi, nacho kikawa kinazunguka jengo polepole huku mimi nikiwa juu ya paa naandika jinsi antena inavyokisikia kutoka kila upande. Antena husema vile vile inavyosikia, Baba anajua. Tulizunguka juu, kisha tukashuka usawa wa madirisha, orofa kwa orofa. Akina mama waliokuwa wakianika nguo walitufokea. “Nyinyi! Mnatupiga picha tukioga?” Otieno aliwaonyesha kuwa hakuna kamera. Hawakuamini, na siwalaumu kwa hilo.

Ungeona vipimo, Mama! Nguvu karibu yote inakwenda magharibi, juu ya mapaa, kuja kwenu. Kwenye madirisha hapakuwa na kitu cha kumtisha mtu. Nilifurahi kama mjinga, na ujinga nilikuwa nao, maana nilichora vile vipimo kwenye karatasi kubwa, nikaibandika mlangoni pa kupandia paa, kila anayekwenda kuanika aione. Mchoro wenyewe una umbo la jani, ncha yake ikielekea magharibi.

Dirisha la Mama Rehema liko magharibi.

Hilo sikulifikiria hata kidogo. Jioni ile ile nilimkuta mbele ya karatasi, kitenge kiunoni, wenzake wamemzunguka.

“Wafula mwanangu, si wewe mwenyewe umechora? Jani lote hili laja kwangu.”

Nikamweleza kwamba linapita juu, mbali na chumba chake, na kwamba tumepima hadi dirishani pake. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa sauti ndogo: “Kwa hiyo kwangu hakifiki kitu kabisa?”

Ningesema hakifiki, ingekwisha pale pale. Lakini nimelelewa na Baba. Nikasema kinafika kidogo sana, kisichoweza kudhuru hata kuku.

“Umesikia? Amekubali!” mmoja akapiga kelele. “Ishuke leo leo!”

Nikaishusha kwa mikono yangu, wao wakiniangalia, nusu yao simu ziko masikioni. Mnara wa simu uko jengo la pili kutoka hapa, na hakuna aliyewahi kuutupia hata jicho. Mama Rehema alilia, akaniomba nisimchukie. Nimemchukia, Mama. Asubuhi ananiita nichukue mahamri, napita kama sijasikia. Najua amezika wawili. Najua pia kwamba ningeificha ile karatasi chini ya godoro, ningekuwa bado naongea na baba yangu. Nimetafuta chumba kwingine, hadi Njiru, na kila mwenye nyumba akisikia neno antena anafunga geti.

Nisalimie dada yangu anayemlisha Baba, na mjomba fundi wa baiskeli, na jirani anayewachotea maji, mwambie sijamsahau.

Sasa lile lililonishikisha kalamu. Nimefunga kipande cha waya juu ya pazia chumbani. Nikituma, hakuna kinachotoka nje ya kuta hizi, lakini kusikia nasikia, kwa shida. Jumapili iliyopita baada ya ibada nilimsikia Baba. Aliita jina langu mara sita, akisubiri kila mara, kama tulivyozoea. Nikawa nagonga na kugonga, nikijua hanipati. Akanyamaza, nikadhani amezima. Kisha kile kidole kikarudi polepole, herufi moja moja, na hakuna hapo nyumbani aliyejua anasema nini, hata wewe uliyekaa kando yake.

Alisema: UMENICHOKA.

Mshike huo mkono, Mama, umwambie nilikuwa nasikia.

Mwanao,
Wafula