Majibu ya Damu ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo, na safari hii nikisema hatujambo uamini hivyohivyo, sijakuficha kitu.

Jana nilimpeleka Baba kuchukua majibu ya damu. Unajua saratani ya figo ilishaingia mapafuni, na upasuaji peke yake hauwezi kuimaliza, ndiyo maana anatundikiwa dripu za dawa. Daktari wake ni mgeni, anazungumza lugha ya shuleni tu. Basi mkalimani ni mimi, mimi huyu ambaye hata dukani nilikuwa nakusukuma wewe ukaseme! Alieleza kwamba uvimbe humwaga kitu fulani kwenye damu. Kikishuka mapema, ni dalili kuwa dawa inafanya kazi. Kikipanda, watafute njia nyingine, nazo zimebaki chache. Kabla sijamaliza kutafsiri Baba akanikatiza, eti niseme tu wanachomoa kijiti cha kupimia oili kabla ya kufungua injini. Ufundi magari haumtoki! Nilipomtafsiria daktari, alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha akafungua majibu. Kimeshuka, dada, tena sana.

Nikamwambia Baba, halafu nikaishia hapo, maana daktari alikuwa ameongeza kwamba hiyo ni dalili tu, si hakikisho, na picha za mapafu bado. Baba akaniambia nimalizie, uso wangu haujui kuficha. Nikamalizia. Akasema kwa leo inamtosha, akauliza kama anaruhusiwa kwenda kula, kwani njaa yake haisubiri picha.

Tulimpigia Mama simu. Tulisikia sufuria ikianguka, kisha akatugombeza kwa kuchelewa kumwambia.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Wiki nzima nilikuwa natunga maneno ya kukupa habari mbaya. Niliyatunga kwa lugha ya shuleni, kwa sababu kwa lugha yetu nilikuwa nikifika kwenye neno Baba nashindwa. Nikayakariri mpaka yakanyooka, huku mwenyewe anakoroma chumba cha pili. Niliona aibu kama ninayemzika mtu angali hai. Ya habari njema sikuandaa hata neno moja. Ndiyo maana barua hii imekaa shaghalabaghala, na siirekebishi.

Baba anasema uendelee na masomo yako huko, usije mbio. Mama anakukumbatia.

Mdogo wako akupendaye,
Kimya