Mbili Virgule Tano

Alhamisi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikatuachia matope hadi mlangoni, kisha jua likatoka kana kwamba halikuhusika. Nimeketi barazani. Giza bado halijaingia, na nepi za mtoto zimeanikwa mbele yangu. Nataka kuyaweka hapa kabla sijaanza kuyapamba.

Leo nimeshindwa hesabu ya watoto wa shule ya msingi.

Wanaonisoma siku zote wanajua kazi yangu: nafundisha hesabu Minago, nalala Rumonge. Nilizaliwa ukimbizini Tanzania, upande wa Kigoma, nikarudi Burundi na wazazi nikiwa kijana. Kule nilifundishwa kuandika nukta na kusoma tarakimu moja moja: mbili nukta tatu sifuri. Huku wanaweka alama ya mkato wanayoiita virgule, na kinachofuata wanakisoma kwa mkupuo kama namba inayojitegemea: mbili virgule thelathini. Nilipoanza kazi niliandika 2.5 ubaoni, na darasa zima likanijibu kumi. Kwao nukta ilikuwa alama ya kuzidisha. Tulicheka sana, nikajirekebisha, nikadhani yameisha.

Tangu hapo huwaambia wanafunzi kwamba hesabu iko kila mahali. Iko kwa mama anayepima chumvi ya kutosha ndagala, dagaa wa ziwa letu, kabla ya kuwaanika. Iko kwa mkulima wa Kizuka anayejua miche yake ya mawese ikae mbali kiasi gani isigombee jua. Iko kwa kiongozi wa kwaya anayegawa pigo moja mara tatu ili besi wasiwahi. Nayasema hayo kwa raha, mkono mfukoni, kama mtu anayesifu kijiji chake.

Ila kuna namba moja ambayo siwezi kuisema mkono ukiwa mfukoni. Ni kilo za mwanangu.

Shukuru ni mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba niliogopa kumbeba nikiwa nimevaa saa. Kila Alhamisi mke wangu Furaha humpeleka kupimwa uzito, na agizo tulilopewa lilikuwa jepesi kulitamka: asipungue. Juma lililopita kwenye kadi yake iliandikwa 2,30.

Furaha ni wa ng'ambo ya ziwa, Kivu Kusini, na mama yake alivuka kuja kutusaidia. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa kupendwa na kuogopwa kwa wakati mmoja. Huuza sabuni ya mawese sokoni, akikata mche mmoja vipande kumi vilivyo sawa kabisa. Nguo za mtoto hazijawahi kulala chafu tangu afike. Lakini tangu siku ya kwanza alikuwa na wasiwasi na maziwa ya binti yake. Aliyaona mepesi. Akimtazama Furaha ananyonyesha, alikuwa anavuta pumzi kwa namna ambayo nyumba nzima iliisikia, na Furaha alikuwa anainamisha kichwa. Mimi nilinyamaza, maana kati ya mama na binti yake mkwe hana kiti.

Leo asubuhi niko darasani, simu ikaita. Furaha analia.

"Papa Shukuru, mutoto amepunguka. Ile juma ilikuwa deux virgule trente. Leo ni deux virgule cinq. Maziwa yangu haimutoshe. Mama anasema tumuanzishie uji leo leo, ao anavuka naye."

Kutoka thelathini hadi tano.

Ndivyo nilivyosikia. Mimi, mwenye chaki mkononi, nilitoa tano kwenye thelathini papo hapo. Nilimwomba mwenzangu anishikie darasa, nikapanda pikipiki. Njia yote ziwa lilikuwa kulia kwangu, na sikuliona. Dereva alikuwa anapiga hesabu zake kwa sauti, kama petroli itamfikisha Rumonge, kama atalipita lori kabla ya kona. Zake zote zilikuwa sahihi. Yangu moja, ile iliyonihusu, niliibeba vilevile bila kuikagua. Nilikuwa nawaza mtoto mdogo vile atalishwaje uji, na nani atamzuia Mama.

Nilipofika nyumbani kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni kumwombea mtoto, wanaimba polepole. Jikoni sufuria ilikuwa motoni, uji umeanza kuchemka. Furaha alikuwa pembeni, Shukuru kifuani, kanga imewafunika wote wawili kama mtu anayeficha kosa. Sura ile sitaisahau. Nikaomba kadi.

2,30. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine: 2,5.

Nilitazama mara moja, nikakaa chini sakafuni, nikacheka na kulia pamoja. Wale kina mama waliacha kuimba. Nadhani walifikiri mkwe naye amerukwa na akili.

Muuguzi wa juma lililopita aliandika tarakimu mbili, wa leo akaandika moja. Basi. Furaha akakumbuka kwamba huyu wa leo alimrudishia mtoto akitabasamu, akasema kwa Kirundi, "Ni vyiza cane," yaani ni vizuri sana. Furaha hajakielewa Kirundi sawasawa, na kwa kuwa kila mtu hapa ni muungwana, alidhani ni maneno ya kumliwaza.

Kalamu ilikuwa mfukoni. Niliongeza sifuri baada ya ile tano, na nikaona uso wa Furaha unaanza kufunguka. Mama mkwe hakufunguka. Alisema, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, "Mwalimu, ukiongeza sifuri kwa kalamu, mutoto hawezi kunenepa."

Alikuwa na haki kabisa. Ningekuwa yeye nami ningekataa.

Basi nikaomba mche wa sabuni. Nikamwambia: Mama, huu mche ndio kilo moja. Ukikata kama unavyokata sokoni, vipande kumi, ile tano ya leo ni vipande vitano. Sasa kila kipande ukikate tena kumi, vidogo vidogo, mche mzima uwe mia. Ile thelathini ya juma lililopita ni vya aina hiyo vidogo. Alichukua kisu kama anayetaka kukata kweli, akakiweka juu ya mche.

"Makumi tatu ya bidogo," akasema, "ni bipande bitatu tu." Halafu, kisu kikihamia katikati: "Na bitano ni nusu ya muche. Mutoto iko na kilo mbili na nusu."

Akaenda jikoni mwenyewe. Uji akaumimina kwenye vikombe akawagawia kina mama wa kanisa, akitia sukari kuliko kawaida. Waliokuja kuomba wakakaa kushukuru, na wimbo ukabadilika bila mtu kutoa amri. Mmoja aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi alinong'ona kwamba muuguzi angesema tu kilo mbili na nusu, tusingekimbizana. Kweli, maneno ya kusema jambo hilo yapo katika kila lugha ya pwani hii. Tuliyasahau yote pamoja kwa sababu tulikuwa tunaogopa.

Mama mkwe alipopita karibu na binti yake aliweka kiganja juu ya kichwa chake, akakiacha hapo kidogo. Hakuomba radhi na Furaha hakungoja radhi. Aliketi wima tu, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, kanga imeshuka mabegani, ananyonyesha mbele ya watu.

Nampenda mke wangu. Nimeona niliandike hilo pia, maana kwa sauti huwa nachelewa.

Wageni wameondoka muda si mrefu. Furaha ametoka hapa barazani na Shukuru aliyelala, ameketi karibu yangu, ameitazama kadi kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. Kisha ameniuliza kati ya juma lile na leo mtoto ameongeza nini hasa, aambiwe kwa gramu, bila virgule.

"Mia mbili."

Ameuliza kama mtoto amepewa kitu kingine chochote, hata maji.

Nimemwambia hakupewa kitu. Ni maziwa yako tu, mia mbili zote.

Amenifanya niseme tena. Kesho nitamwambia kabla hajauliza.