Mirija Imehamia kwa Okisai

Malaba, Jumapili, Januari 1966. Jua kali, vumbi, na roho yangu mbaya.

Namwonea wivu Okisai, jirani yangu, mtu asiyewahi kumaliza kusoma gazeti hata moja.

Kisa ni maji. Pombe ya wimbi bila maji moto ni makapi. Wanaume huzunguka chungu kimoja na mirija yao mirefu ya kunywea, na mama wa nyumba huongeza maji moto kila kinapopungua. Mfereji wangu umekuwa ukitoa matone ya rangi ya chai. Wa Okisai unanguruma. Basi wanaume wamebeba mirija yao wakahamia kwake, na hoja zangu juu ya hawa wakubwa wapya wa Uhuru nimebaki kuwahutubia kuku.

Nilitangaza sokoni kwamba Okisai anatuibia maji. Nilitangaza kwa ufasaha.

Leo asubuhi mke wangu alinionyesha ukanda wa nyasi mbichi kati ya lango na jiko. "Baba Ekisa, hii mvua imekunyeshea wewe peke yako?"

Nilifunga mifereji yote, nikatega sikio kwenye bomba. Maji yalikuwa bado yanapita, yakizomea. Nikachimba. Pale nilipokuwa nimeziba ufa kwa raba ya baiskeli, kama tunavyoziba kila kitu huku, chuma kilikuwa kimeoza chini kwa chini.

Raba!

Nilifunga koki ya kando ya barabara, nikakata kipande kilichooza, nikaunga kipya kwa nyuzi za katani na rangi ya kuzibia maungio, nikakaza kwa spana. Nilipofungua koki, ilitoka kutu kwanza, kisha maji safi, kwa kishindo.

Alasiri chungu changu kilikuwa tayari. Hakuna aliyekuja. Nilisimama langoni nikisikiliza vicheko vya kwa jirani, na kila kicheko kilinichoma.

Kisha akaja Okisai mwenyewe, mrija begani. "Mzee, nasikia mwizi wa maji ameshikwa!" Akacheka, akaketi. Wengine wakaja nyuma yake.

Walimfuata yeye, si maji yangu.

Nilianza kuhutubia juu ya bei ya pamba. Mzee Emuria, mkongwe wa chungu chetu, akainua mkono: "Ngoja kidogo, boss. Tumsikie Okisai."

Okisai hakuwa na hoja yoyote. Alimwuliza Emuria yule ng'ombe wake mgonjwa anaendeleaje. Wote wakamgeukia Emuria kungoja jibu.

Nimenywa na Emuria miaka mingi. Sikujua kama ana ng'ombe.

Ni lini mara ya mwisho nilimwuliza mtu swali ambalo jibu lake sikuwa nalo tayari mdomoni?