Asubuhi Tulipokuta Nyaya za Simu Zimeondolewa

Mjukuu wangu Yvette,

Pokea salamu zetu za Likasi. Tuko wazima, na goti la baba yako limepona, amerudi kazini Kakontwe. Unauliza uwaambie nini wenzako wanaoogopa kompyuta mpya za biro, hapo ofisini kwenu. Kusema kweli sijui. Nitakueleza tu yaliyotupata.

Ujanani, mimi na rafiki yangu Odile tuliunganisha simu za kiwanda kwa kuchomeka nyaya kwa mkono. Asubuhi moja tulikuta nyaya zimeondolewa, imewekwa mashine ya vitufe. Odile alikaa akipapasa meza tupu, akamgeukia shefu, mkuu wetu wa kazi.

“Shefu, mikono yangu niweke wapi sasa?”

Tulidhani atamkaripia. Akavuta kiti, akaketi kati yetu.

“Minye pia sijue,” akasema. “Tubonyeze, tuone.”

Alikosea kutuzidi sisi. Aliyetaka hospitali aliunganishwa na tanuru, aliyetaka tanuru akapata jiko. Odile akacheka, kisha akabonyeza mwenyewe.

Hofu ilitutoka siku ile, na mashine tulikuwa bado hatuijui. Mpaka leo sielewi ilitutokaje. Labda weye utanieleza.

Mimi nkambo wako,
Séraphine