Mgeni wa Mwende

Jumatano, Tseikuru

Na ile fomu ya uchunguzi nimeirudisha tupu. Mwalimu wa chuo aliyekuja kunikagua alitaka niwaangalie watoto wa chekechea wakicheza kwenye kona ya nyumbani, pale darasani wanapoigiza kupika na kukaribisha wageni, niandike wanachofanya, nisiwaingilie. "Uchunguzi bila kushiriki." Maneno hayo nimeyakariri tangu mwaka wa kwanza, hata maana yake naijua kwa kichwa.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Mwende, wa miaka minne, akanivuta sketi.

"Mwalimu, wewe ni mgeni. Kaa hapo."

Akaniletea mchanga kwenye kifuniko cha jerikeni. "Kunywa chai. Umekula?"

Hii ni wiki ya tano tangu nitoke kwetu Kasikeu. Mama mwenye nyumba hunisalimia vizuri tu, lakini napika peke yangu na kula nikiangalia ukuta. Hakuna mtu huku aliyeniuliza hilo swali.

Nikakaa.

Mkaguzi alikasirika, akakata alama. Naogopa nitarudia mazoezi yote ya kufundisha, na nyumbani nitasema nini...

Mwende nilimjibu kwamba nimekula. Hakuniamini. Akaniongezea chai.